Kubanwa na misuli kwenye safari ndefu ya baiskeli: kwanini inatokea na jinsi ya kuizuia, mwongozo kamili (mfano Dar–Morogoro)

Kwenye safari ya Dar kwenda Morogoro, kama kilomita 190 hivi, kubanwa na misuli mara nyingi hakuanzii Kibaha. Kunaanza ukishapita Mlandizi, na kuanzia Chalinze mpaka Mikese ndo unakuta mtu kakaa pembeni ya barabara kanyoosha mguu, mwenzake anamvuta vidole, mwingine anamkimbizia ndizi na wa tatu anasema kunywa maji kaka hujanywa maji. Nia yao njema kabisa, ila ndizi na maji ndo vitu viwili ambavyo watu wanaviamini kuliko vinavyostahili, na kwa sababu hiyo mtu yuleyule mwaka unaofuata anabanwa tena palepale akiwa na chupa tatu za maji na ndizi mfukoni.

Nataka nieleze hili jambo kwa urefu kwasababu linazuilika kwa kiasi kikubwa, na kazi kubwa inafanyika wiki nyingi kabla ya safari.

Kinachotokea ndani ya msuli

Misuli yako ina vihisio vya aina mbili. Kimoja kiko ndani ya msuli wenyewe, ukivutwa kinautumia uti wa mgongo ujumbe wa kukaza. Kingine kiko kwenye kano, pale msuli unapojishika kwenye mfupa, na chenyewe mvutano ukizidi kinatuma ujumbe wa kulegeza. Ni kama mafuta na breki. Msuli ukichoka sana ule upande wa mafuta unazidi kuchangamka na upande wa breki unasinzia, mwisho wa siku neva inapiga msuli mfululizo na msuli unakaza bila wewe kuuambia. Na hali inakuwa mbaya zaidi msuli ukifanya kazi ukiwa umejifupisha, maana hapo kano haina mvutano wa kutosha kuamsha breki. Ndo maana kigimbi cha mtu anayekanyaga pedeli ameelekeza vidole chini kinabanwa haraka, na ndo maana kuunyoosha msuli kunautuliza ndani ya sekunde chache wakati hata tone la maji halijafika popote.

Maelezo haya aliyapendekeza mtafiti wa tiba ya michezo Martin Schwellnus na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1997. Baadae wakapima damu za wakimbiaji wa mbio za Two Oceans za kilomita 56 na washindani wa Ironman, yani mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa siku moja, ambao kipande chao cha baiskeli peke yake ni kilomita 180, karibu sawa na Dar–Moro. Waliobanwa na wasiobanwa hawakutofautiana kwa upungufu wa maji wala chumvi kwa kiasi cha kuelezea tatizo. Kilichowatofautisha wale wa Ironman ni kwamba waliobanwa walikwenda kwa kasi zaidi na wengi walikuwa na historia ya kubanwa huko nyuma.

Sasa hii haina maana chumvi ni uongo. Miaka ya 1920 na 1930 wachimba makaa ya mawe na wachochea moto wa meli walikuwa wanatoka jasho kutwa nzima, wanakunywa maji matupu, afu wanabanwa mwili mzima, na wakipewa maji yenye chumvi wanapata nafuu. Kubanwa kwa namna hiyo kupo hata kwenye baiskeli hasa kwenye joto letu la pwani lenye unyevunyevu. Ila kwa waendesha baiskeli wengi tatizo namba moja ni msuli kuchoka kwa kazi ambayo haujazoezwa, chumvi na maji vinakuja nyuma yake. Na ile habari ya asidi ya laktiki kujaa kwenye misuli, iache, asidi hiyo inaondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya kupumzika na haielezi kwanini kinabanwa kigimbi kimoja tu mguu wa pili uko salama.

Hatua ya 1: jua kwako inaanzia wapi

Kabla hujabadilisha kitu chochote kumbuka mara ya mwisho ulivyobanwa. Kama ni msuli mmoja au miwili ileile ya miguu, tena ghafla baada ya kilima au baada ya kukimbizana na kundi, basi wewe una tatizo la uchovu, nguvu za misuli au mkao wa baiskeli. Kama msuli ulianza kwa kucheza-cheza chini ya ngozi, afu hali hiyo ikahama kutoka mguu huu kwenda ule, ikapanda tumboni na hata mikononi, jezi ina michirizi myeupe ya chumvi na jasho likiingia machoni linawasha sana, wewe una upande mkubwa wa chumvi. Wengi wana mchanganyiko wa vyote viwili, ila upande mmoja huwa mzito zaidi na huo ndo wa kuanza nao.

Angalia pia ni msuli gani. Kigimbi kinakuelekeza kwenye siti iliyo juu sana au kiatu. Mbele ya paja kunakuelekeza kwenye gia nzito au siti iliyo chini. Nyuma ya paja ni siti kuwa juu au mbali, au msuli wenyewe dhaifu, na huu ndo unaopenda kubana pale unapokunja goti kutoa mguu kwenye pedeli.

Hatua ya 2: zoeza msuli kwa kazi utakayoupa

Hapa ndo pana mzigo wote, na ndo watu wanaporuka. Mtu zoezi lake refu zaidi ni Dar–Bagamoyo, anafika kule anakunywa supu anapumzika saa mbili, afu anajiandikisha kwenda Morogoro kwa siku moja. Misuli yake haijawahi kufanya kazi saa nane mfululizo, sasa itajuaje?

Jipe wiki 12 kama unaanza kwenye kilomita 60 hivi. Kila wiki safari moja ndefu, ongeza kilomita 10 mpaka 15 tu, afu kila wiki ya nne punguza ili mwili upone. Lengo ni kufika kilomita 130 mpaka 140 wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, hakuna haja ya kufanya 190 mazoezini. Wiki ya mwisho endesha kidogo kidogo tu, miguu ifike siku ya safari ikiwa na hamu ya kazi.

Muhimu zaidi, sehemu ya mazoezi ifanane na siku yenyewe. Kama utakuwa barabarani saa tano asubuhi juani basi baadhi ya safari zako ndefu ziguse saa hizo. Mwili unachukua kama siku 10 mpaka 14 kuzoea joto, na ukishazoea jasho lenyewe linapungua chumvi. Mtu anayefanya mazoezi alfajiri tu afu anakutana na jua la Chalinze mchana anajitesa bure. Mtu anayekuja kutoka sehemu za baridi kama Njombe au Arusha afike pwani mapema kidogo kama anaweza, au aende taratibu kuliko anavyojisikia.

Afu kuna mazoezi ya nguvu, mara mbili kwa wiki, nyumbani, hayahitaji jimu. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, panda juu kwa miguu miwili, shuka taratibu kwa mguu mmoja mpaka kisigino kipite chini ya ngazi, rudia 12 hadi 15 kila mguu, seti tatu. Hiyo ni ya kigimbi na kwangu ndo zoezi lenye faida kubwa kuliko yote. Kwa nyuma ya paja lala chali, weka visigino juu ya kiti, nyanyua kiuno, shikilia kidogo, shuka, ukizoea tumia mguu mmoja. Kwa mbele ya paja chuchumaa na kuinuka na ndoo ya maji mkononi inatosha. Ukishazoea yafanye pia mara mojamoja mwisho wa safari ukiwa umechoka tayari, maana msuli unabana ukiwa umechoka na hapo ndo panapotakiwa kuimarishwa.

Hatua ya 3: weka baiskeli sawa

Siti kwanza. Egemea ukuta ukiwa umekaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli, ipeleke mpaka chini kabisa. Goti linyooke kabisa bila kiuno kuyumba kuifuata. Ukihamishia unyayo kwenye nafasi yake ya kawaida, goti litabaki limekunjwa kidogo, kama nyuzi 25 mpaka 35, hapo ni pazuri. Ukiona lazima uelekeze vidole chini ili ufike, siti iko juu, na kigimbi chako kitafanya kazi kimejifupisha kwa masaa. Rekebisha milimita 3 mpaka 5 kwa mara moja, endesha siku kadhaa, afu ndo uguse tena. Na usibadilishe chochote wiki ya safari, hata kama fundi anakuambia iko vibaya.

Kama unatumia viatu vinavyonasa kwenye pedeli na unabanwa vigimbi, rudisha kile kipande cha chini ya kiatu nyuma kidogo kuelekea kisigino. Mzigo wa kigimbi unapungua. Hii wengi hawaijui na ni dakika tano za spana.

Afu gia. Baiskeli zetu nyingi ni mtumba na unakuta gia nyepesi kabisa haikamati au cheni inaruka, mwenye baiskeli kazoea kupanda vilima na gia ya kati. Kwa kilomita 30 utavumilia, kwa 190 hapana. Kabla ya safari hakikisha gia nyepesi kuliko zote inaingia na inakaa. Kama fundi atakubadilishia kitu kimoja tu, abadilishe hicho.

Hatua ya 4: anza taratibu, mpaka uone aibu

Saa 11 alfajiri hewa ina ubaridi, kundi lina furaha, mtu anaona anaruka tu. Kuanzia Kimara mpaka Kibaha watu wanakwenda kasi ambayo hawawezi kuishika masaa saba yanayokuja. Uchovu huo hausikiki muda ule, unausikia saa nne asubuhi. Kipimo ni rahisi: kwenye theluthi ya kwanza ya safari uweze kuongea sentensi ndefu bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza, hata kama kundi linaondoka. Tafuta wenzako wa kasi yako, hawakosi.

Vile vilima vidogo vya kupanda na kushuka kuelekea Chalinze vinadanganya kwasababu kila kimoja ni kifupi, mtu anasimama kwenye pedeli anakikata kwa nguvu, na vinakuja vingi. Kaa kwenye siti, shusha gia kabla kilima hakijakukaba, zungusha miguu haraka-haraka kwa wepesi. Lenga mizunguko 80 mpaka 90 kwa dakika sehemu tambarare. Huna kifaa? Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, ikiwa 20 mpaka 22 uko sawa, ikiwa 14 unakanyaga gia nzito mno. Kila baada ya dakika 15 hivi simama kwenye pedeli kidogo, shusha kisigino, nyoosha mgongo, kaa tena.

Hatua ya 5: kula kabla njaa haijaja

Msuli uliokosa sukari unachoka haraka, na uchovu ndo mlango wa kubanwa. Kwenye safari inayozidi masaa mawili na nusu unahitaji kama gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, na aliyezoeza tumbo lake anaweza kufika 90. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25, tende ndogo moja kama 5 au 6. Kwahiyo ndizi moja na tende tano ndani ya saa moja, tayari uko kwenye gramu 50. Kashata, maandazi, viazi vya kuchemsha vilivyopakwa chumvi, vyote vinafaa. Anza kula ndani ya dakika 45 za mwanzo, kidogo kidogo, usisubiri Chalinze ule sahani ya chipsi mayai mara moja, tumbo litavuta damu na miguu itagoma.

Na jaribu kila chakula mazoezini kwanza.

Hatua ya 6: maji na chumvi, kwa kipimo

Kwanza upande wa ndizi. Ndizi ina potasiamu, kama miligramu 400, lakini sodiamu karibu hamna kabisa, na kwenye jasho kinachotoka kwa wingi ni sodiamu. Lita moja ya jasho inaweza kuwa na sodiamu miligramu 200 mpaka hata 2,000 kutegemea na mtu, potasiamu ni kidogo sana. Kula ndizi kwa ajili ya wanga wake, usiitegemee kwa kubanwa. Madafu ya njiani nayo ni vilevile, matamu, yana potasiamu nyingi ila sodiamu haitoshi kwa mtu anayetoka jasho sana, ongeza chumvi kidogo au kula na karanga za chumvi. Magneziamu inayouzwa kwenye vidonge haijaonyesha faida ya kueleweka kwa kubanwa kwa mazoezi, hela hiyo nunulia cheni.

Pima jasho lako. Jipime uzito bila nguo, endesha saa moja kwenye joto, jifute, jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja, jumlisha na ulichokunywa. Ukishajua namba yako, lenga kutopoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito safari nzima, yani mtu wa kilo 70 ni kilo 1.4. Kwa wengi inatoka mililita 500 mpaka 750 kwa saa, kwenye joto kali zaidi ya hapo.

Kinywaji cha nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vya chakula 4 au 5 vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia ndimu. Hapo una gramu 50 au 60 za wanga na sodiamu kama miligramu 580. Kama wewe ni wa michirizi myeupe kwenye jezi panda mpaka nusu kijiko cha chai. ORS ya duka la dawa, ile chumvi ya pakiti wanayopewa wanaoharisha, ina sodiamu nyingi zaidi, kama miligramu 1,700 kwa lita, na sukari kidogo, kwahiyo inafaa kubeba pakiti moja mbili za dharura, ila chakula kitoke kwingine. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asijiongezee chumvi kabla ya kuongea na daktari wake.

Na tafadhali usijaze maji matupu chupa baada ya chupa kwa kuogopa kubanwa. Sodiamu ya damu inashuka, unapata kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege, na mtu anaweza kufa. Ukiona vidole vimevimba na uzito umepanda badala ya kushuka, umezidisha.

Hatua ya 7: imeshabana, fanya hivi

Ukisikia msuli unaanza kucheza-cheza, usisubiri. Shusha gia, punguza nguvu, kunywa, kula. Dakika 10 za upole hapo zinaokoa saa nzima baadae. Kama ni kigimbi, simama kwenye pedeli mguu huo ukiwa chini, shusha kisigino, shikilia.

Ikibana kabisa, kwanza toka barabarani. Barabara ya Morogoro ina malori na mabasi, usisimame kwenye mstari mweupe. Ukiwa na viatu vya kunasa toa mguu usiobanwa kwanza, ule uliobanwa utoke taratibu baadae. Kisha nyoosha msuli polepole: kigimbi, nyoosha goti na vuta vidole kuja kwako, mbele ya paja, simama, vuta kisigino kuelekea kalio, nyuma ya paja, weka kisigino mbele, goti limenyooka, inama kutoka kiunoni. Shikilia sekunde 15 mpaka 30, pumua, rudia mpaka itulie. Hakuna kuvuta kwa ghafla na hakuna kupiga msuli ngumi, unaweza kuuchana. Ukikaza msuli wa upande wa pili kwa wakati mmoja, mfano kukaza mbele ya paja wakati nyuma kumebana, inasaidia kulegeza.

Kuna jambo moja la kushangaza. Mwaka 2010 mtafiti Kevin Miller na wenzake huko Marekani waliwabana watu misuli kwa umeme afu wakawapa maji ya tango lililokaa kwenye siki na chumvi, kiasi kidogo, kama mililita 1 kwa kila kilo ya uzito. Msuli ulilegea haraka zaidi kuliko kwa waliopewa maji matupu, ndani ya dakika moja na nusu hivi, muda ambao chumvi haiwezi kuwa imefika kwenye damu. Inaelekea ladha kali inashtua neva za mdomo na koo, na ujumbe huo unatuliza neva inayopiga msuli. Kwahiyo kichupa kidogo chenye siki na chumvi, au maji ya achari ya ndimu, ni kitu cha kubeba mfukoni, funda mbili zinatosha. Si kinga, ni huduma ya kwanza.

Ikishatulia endelea na gia nyepesi kwa dakika 10 mpaka 15 bila kumkimbiza mtu. Ukirudi kwenye kasi ileile itabana tena na ya pili huwa inauma zaidi.

Lini uende hospitali

Ukikojoa mkojo wa rangi ya kola au chai ya rangi baada ya safari, na misuli imevimba inauma sana, usilale nayo, nenda hospitali siku hiyohiyo, misuli inaweza kuwa inavunjika na kuharibu figo. Mguu mmoja uliovimba, una joto na maumivu hayaondoki kwa kunyoosha, nayo nenda, inaweza kuwa damu imeganda. Mtu aliyebanwa na anaongea vitu visivyoeleweka, huyo ni dharura palepale, joto au sodiamu vimemzidi.

Kwinini, ile dawa ya malaria, usiitumie kwa kubanwa misuli hata kama kuna mtu kakuambia ilimsaidia. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na chembe za kugandisha damu, na Marekani mamlaka yao ya dawa imeshaonya dhidi ya matumizi hayo miaka mingi. Na kama unabanwa hata usiku umelala, au ilianza baada ya kuanzishiwa dawa fulani, angalia dawa zenyewe: zile za presha zinazokojoza, za kolesteroli za kundi la statini, na salbutamoli ya pumu zote zinaweza kuchangia. Usiache dawa mwenyewe, mpelekee daktari jina la dawa, tarehe uliyoanza, na mweleze unaendesha kilomita ngapi kwa wiki.